Mng'aro wa dhahabu kwenye cheni na biti yako: Ni ngozi ya kweli au ni rangi tu?

TUSEME umeona cheni kwenye Instagram. Rangi ya dhahabu, bei ya chips kuku, na muuzaji ameapa kwamba haipauki kamwe: oga nayo, lala nayo, enda nayo gym. Umeagiza, mtu wa boda ameleta, umevaa wikendi mbili ukapendeza. Wiki ya tatu shingo iko na mstari wa kijani, na cheni yenyewe imefanana na kufuli ya kioski.

Sasa twende upande mwingine wa Nairobi, Kariobangi Light Industries, kwa binamu yako fundi wa mageti. Naye amenunua biti ya kutoboa chuma, inang'aa kama pete ya harusi. Tundu la kwanza limeingia vizuri. La nne, ncha imegeuka samawati, biti inapiga mayowe bila kula chuma, na mteja aliyelipa nusu amesimama hapo mlangoni akiangalia saa.

Wewe na binamu mmechezewa mchezo mmoja. Mlilipia ngozi, mkauziwa rangi.

Ajabu ni kwamba cheni nzuri na biti nzuri zinaweza kuwa zimepakwa kitu kile kile. Si dhahabu. Ni mchanganyiko wa metali ya titaniamu na hewa ya naitrojeni, ile ile inayojaza sehemu kubwa ya hewa unayovuta saa hii. Vikiungana vinatengeneza titaniamu naitraidi, kitu kigumu ajabu ambacho kwa bahati tu kina rangi ya dhahabu. Ukielewa kinavyofanya kazi, hutanunua tena cheni, saa, biti wala shokomzoba kwa kuangalia mng'aro pekee.

Nyembamba kuliko unywele

Anza na unene. Mikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara 1,000. Unywele wako una unene wa mikroni 70 hivi. Utando wa titaniamu naitraidi kwenye biti huwa kati ya mikroni 1 na 5. Yaani ungehitaji kupanga tando nyingi juu kwa juu ndipo ufikie unene wa unywele mmoja.

Kitu chembamba hivyo kinalinda nini? Jibu liko kwenye ugumu. Wahandisi wana kipimo kinachoitwa Vickers. Wanakandamiza ncha ya almasi juu ya chuma kwa uzito unaojulikana, kisha wanapima alama iliyobaki. Alama ikiwa ndogo, namba inakuwa kubwa. Chuma laini cha kutengenezea geti hupata kama 130. Biti za kawaida zilizoandikwa HSS ziko karibu 850. Titaniamu naitraidi inapiga kama 2,300. Almasi yenyewe iko huko juu, karibu 10,000.

Lakini ugumu ni nusu tu ya stori. Biti inapozunguka ndani ya chuma, adui zake ni watatu. Wa kwanza ni mkwaruzo, punje ngumu zinazoichuna kama msasa. Wa pili ni kugandana: vipande vya chuma vinavyotoka vikiwa moto hupenda kujishikilia kwenye ncha, halafu vikibanduka vinaondoka na kipande cha biti. Wa tatu ni joto. Chuma cha HSS kikifika nyuzijoto 600 hivi kinaanza kulegea, na biti iliyolegea haina tofauti na msumari.

Utando mzuri unapigana na wote watatu. Haukwaruziki kwa urahisi, chuma moto hakiushikilii, na kwa sababu msuguano umepungua, joto nalo linapungua. Ndiyo maana mikroni tatu zinaweza kuongeza maisha ya biti mara kadhaa, mradi mikono inayoishika iko sawa.

Muulize fundi wa kucha

Kama umewahi kukaa saluni ukifanyiwa kucha za gel, tayari unajua sehemu kubwa ya sayansi hii. Fundi mzuri hakimbilii rangi. Kwanza anasugua ukucha uwe na mkwaruzo kidogo, anaufuta mafuta yote, anapaka tabaka la msingi linaloshika ukucha, ndipo inakuja rangi, nyembamba nyembamba, kila moja ikikaushwa kwenye taa. Mwisho anaweka tabaka la juu la kulinda. Akiruka msingi, kesho ukikuna sufuria rangi inabanduka ikiwa kipande kizima, kama ganda la ndizi.

Kiwandani ni hivyo hivyo, ila saluni yenyewe ni tangi la chuma lililofyonzwa hewa yote mpaka likabaki ombwe. Biti zinaoshwa kwanza kwenye maji yanayotikiswa kwa mawimbi ya sauti, kwa sababu alama ya kidole tu, yale mafuta ya ngozi yako, inatosha kuharibu kazi. Zikiwa ndani ya tangi, zinapigwa na chembe zenye chaji ya umeme ambazo zinachubua uso wa chuma hadi ubaki msafi kabisa. Kisha kipande cha titaniamu kinachomwa kwa umeme mpaka kigeuke mvuke. Mwanzoni wanaweza kuacha titaniamu tupu ikae juu ya chuma, huo ndio msingi. Baadaye wanafungulia naitrojeni kidogo kidogo, na ile rangi ya dhahabu inaanza kuota, chembe kwa chembe. Hakuna brashi, hakuna kuchovya.

Joto la tangi hilo huwa chini ya nyuzi 500 hivi, na hapo ndipo kuna kisa kidogo cha historia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, viwanda vya Ulaya vilianza kuuza vipande vya kukatia chuma vilivyopakwa tando ngumu. Njia ya wakati huo ilihitaji joto la karibu nyuzi 1,000. Vipande vile vilikuwa vya kabaidi ya tungsteni, vikavumilia. Biti ya HSS ukiiweka kwenye joto hilo unaitoa ikiwa imepoteza ugumu wake wote. Umepaka ngozi nzuri juu ya mgonjwa. Ilibidi kungoja njia hii ya ombwe, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 biti za rangi ya dhahabu zikaingia sokoni.

Vigae juu ya godoro

Hapa ndipo wengi wetu tunapoibiwa, kwa hivyo tulia kidogo.

Chukua vigae vigumu kuliko vyote dukani, vile vya sakafu ya benki. Vipange juu ya godoro. Sasa panda juu. Vigae havijakosea popote, lakini vitavunjika vyote, kwa sababu kilicho chini kimebonyea. Utando mgumu juu ya chuma laini unafanya vivyo hivyo. Chuma kinabonyea, utando haujui kubonyea, unapasuka.

Ndiyo sababu cheni ya shaba nyeupe au shaba nyekundu iliyopitishwa dhahabu kidogo haidumu. Dhahabu yenyewe ni laini, imewekwa nyembamba mno, na chini yake kuna metali inayokula jasho lako na kutoa ule ukijani wa shingoni. Cheni ya chuma cha pua iliyopakwa kwenye ombwe ni mnyama mwingine. Chini kuna chuma kigumu kisichoshika kutu kirahisi, juu yake titaniamu naitraidi, na mara nyingine dhahabu halisi kidogo tu juu kabisa ili rangi iwe tamu zaidi. Hata ikikwaruzwa, kilicho chini hakikupaki rangi ya kijani.

Ni hapo ndipo matabaka yanaonyesha kazi yake. Tabaka moja nene na gumu lina tabia ya kuwa dhaifu kama biskuti: ufa ukianza juu unashuka mpaka chini bila kusimama. Lakini chana chapo ya mtaani, ile iliyokunjwa na mafuta ikakandwa tena. Haikatiki moja kwa moja. Mpasuko unafika kwenye tabaka, unateleza pembeni, unapoteza nguvu, unaanza upya. Wahandisi wa tando wanafanya hivyo makusudi. Wanabadilisha metali na gesi ndani ya tangi ili tabaka hili liwe la namna moja na linalofuata liwe la namna nyingine, wakati mwingine mamia ya matabaka ndani ya mikroni chache. Ufa ukiingia, unakutana na mpaka mpya kila hatua.

Na kila tabaka linaweza kupewa kazi yake. Kuna vipande vya kukatia kwenye mashine kubwa ambavyo chini vina tabaka linaloshika vizuri na kuzuia mkwaruzo, katikati vina oksidi ya alumini ya kuzuia joto lisifike ndani, na juu kabisa vina titaniamu naitraidi kidogo. Ile ya juu mara nyingi haiko pale kwa sababu ya nguvu. Iko pale kwa ajili ya jicho. Dhahabu ikifutika kwenye kona, mwendesha mashine anajua kona hiyo imeshatumika, anageuza kipande. Umeona? Hata kiwandani, rangi wakati mwingine ni ishara tu. Tofauti ni kwamba kule kila mtu anajua.

Ile kromu ya shokomzoba

Wacha tuje barabarani, kwa sababu huku makosa ya utando yanaweza kukuvunja mguu.

Tazama bomba mbili za shokomzoba ya mbele kwenye pikipiki ya boda. Zinang'aa kama kioo. Hiyo ni kromu, na si ile kromu ya urembo iliyo kwenye kifuniko cha mafla au kwenye bampa ya mathree. Kromu ya urembo ni sanaa ya matabaka: kwa kawaida kuna nikeli yenye unene wa kueleweka, wakati mwingine na shaba chini yake, halafu kromu ya juu ambayo haifiki hata mikroni moja. Kazi kubwa ya kuzuia kutu inafanywa na nikeli. Kromu inaleta mng'aro na kuzuia mikwaruzo.

Kromu ya shokomzoba ni ya kazi. Ni nene zaidi na ugumu wake uko kati ya 800 na 1,000 kwa kile kipimo cha Vickers. Kazi yake ni kuteleza ndani ya sili ya mpira maelfu ya mara kwa siku, bila kuichana. Lakini ina siri moja: kromu hii ngumu ina nyufa ndogo ndogo ambazo jicho halizioni. Kawaida mafuta yanayopakwa na sili huzifunika, maisha yanaendelea. Halafu inakuja barabara yetu. Jiwe linaruka kutoka kwa tairi ya lori, linapiga bomba, kinabaki kitundu kidogo. Maji ya mvua na vumbi vinaingia, kutu inaanza chini ya kromu, inavimba, inainua ukingo wa kitundu ukawa mkali kama wembe.

Kuanzia hapo, kila tuta unaloruka, ule wembe unapita kwenye sili. Mafuta yanaanza kutoka. Kwanza ni unyevu tu, kisha yanashuka chini mpaka kwenye gurudumu. Kama breki yako ya mbele ni ya diski na mafuta yameifikia, siku utakayoihitaji kwa haraka haitakuwepo. Hapo hatuzungumzii tena urembo.

Kuna makosa mawili ambayo rider wengi hufanya. La kwanza ni kubadilisha sili tena na tena bila kuangalia bomba. Sili mpya juu ya bomba lenye vitundu ni pesa umetupa mtaroni. La pili ni kuchukua msasa mkali na kusugua kutu mpaka iishe. Inaisha kweli, pamoja na kromu. Umeondoa ngozi, umebaki na nyama.

Dawa ni ndogo. Kila jioni futa bomba kwa kitambaa safi. Mara moja kwa wiki pitisha ukucha wa kidole juu chini, polepole. Ukucha ukikwama mahali, hapo ndipo shida imeanzia. Vifuniko vya mpira vya kuzuia vumbi, kama pikipiki yako inavikubali, ni bei ndogo ukilinganisha na bomba. Na kama vitundu vimeshakuwa vingi, uliza bei ya bomba jipya, kisha uliza bei ya kuvua kromu ya zamani, kupaka upya na kusaga mpaka vipimo virudi. Anayekuambia atapaka juu ya kutu bila kuvua ya zamani, mshukuru, ondoka.

Fundi wa welding naye ana ngozi yake

Si lazima uwe na tangi la ombwe ndio uvalishe chuma ngozi ngumu. Ukipita kwa posho mill, angalia nyundo zinazopiga mahindi. Zinalika mpaka kona zinakuwa mviringo. Jembe la trekta vile vile. Fundi wa welding anaweza kuzirudishia uhai kwa vijiti maalum vyenye kromu na kaboni nyingi, akiweka chuma kigumu juu ya chuma cha kawaida.

Huku utando unahesabiwa kwa milimita, lakini kanuni ni zile zile. Tabaka la kwanza linayeyuka na kuchanganyika na chuma cha chini, kwa hivyo ugumu wake unapungua. Ugumu kamili unapatikana kwenye tabaka la pili. Ukishaweka matabaka mawili au matatu, simama. Ukiendelea kurundika kwa sababu mteja anataka ‘nene', lote linaweza kubanduka kwa mpigo mmoja. Na usishtuke ukiona nyufa nyembamba zimekata mstari baada ya kupoa. Kwa vijiti vya aina hii nyufa hizo ni kawaida, ndizo zinazolegeza mvutano. Hatari ni ufa unaoshuka mpaka kwenye chuma cha chini.

Gharama ambayo haing'ai

Kromu ikishakaa kwenye bomba, haina neno. Ishike, ifute, hakuna shida. Lakini kwenye bafu la kupakia iko katika hali nyingine, ile ambayo wanakemia huiita kromu sita. Umeme ukipita humo, viputo vya gesi ya haidrojeni vinapanda juu na kupasuka, na kila kiputo kinarusha ukungu hewani. Anayeuvuta huo ukungu siku baada ya siku anaweza kupata vidonda puani mpaka ukuta wa katikati ya pua utoboke. Ikigusa ngozi iliyochubuka inaleta vidonda visivyopona haraka. Na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, limeiweka kromu sita kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya mapafu.

Labda umetazama filamu ya mwaka 2000 ya Erin Brockovich, ile iliyompa Julia Roberts tuzo ya Oscar. Kile kisa ni cha kweli, na kilihusu sumu hii. Katika mji mdogo wa Hinkley huko California, kampuni ya Pacific Gas and Electric ilitumia kromu sita kuzuia kutu kwenye minara ya kupozea maji. Maji machafu yakaingia ardhini, yakafika kwenye visima. Mwaka 1996 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 333. Chuma kililindwa, watu wakaachwa.

Kwa hivyo kama wewe ni kijana unayefunzwa kazi kwenye karakana ya kupaka kromu, usione haya kuuliza. Kuna feni ya kunyonya ule ukungu? Kuna glavu, miwani na barakoa ya kuchuja kemikali, sio kitambaa cha shingoni? Maji ya bafu yanaenda wapi yakichoka? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akupe mahali salama pa kufanyia kazi. Hiyo si hisani ya mkubwa wako. Na kama mtaro wa karakana umegeuka njano au rangi ya machungwa, usiuchukulie kama maji ya kawaida.

Dunia nayo inahama taratibu. Tangu Septemba 2017, nchi za Muungano wa Ulaya hazikubali kemikali kuu ya bafu la kromu itumike bila kibali maalum. Kwenye miguu ya ndege kubwa, kazi nyingi iliyokuwa ya kromu sasa inafanywa kwa kupuliza unga wa kabaidi ya tungsteni kwa mwako wa kasi inayopita ya sauti. Unga unagonga chuma na kushikamana nacho, tabaka juu ya tabaka, bila bafu la sumu.

Kabla hujatoa pesa

Basi sokoni ufanye nini? Hakuna njia ya kuona mikroni tatu kwa jicho, lakini maswali mazuri yanasaidia.

Kwa cheni na saa, usiulize ‘ni gold?' Uliza chini kuna nini. Muuzaji akisema chuma cha pua, tafuta alama kama 316L au 304 kwenye kifungio. Alama inaweza kughushiwa, lakini kukosekana kwake nako kunasema kitu. Watu watakuambia utumie sumaku. Sumaku itakukamatia chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, lakini haitakutofautishia shaba na chuma cha 316L, kwa sababu zote mbili hazivutwi sana. Angalia sehemu zinazosuguana: ndani ya kifungio, kwenye matundu ya pete za cheni. Hapo ndipo uongo huanza kufutika kwanza.

Kwa biti, kumbuka kwamba rangi ya dhahabu inaweza kupatikana kwa njia rahisi sana. Pasha chuma safi joto la nyuzi 220 hadi 250 na kinageuka rangi ya majani makavu chenyewe. Kuna hata biti nzuri kabisa, zenye kobalti ndani, ambazo hupewa rangi hiyo makusudi ili zitambulike, na muuzaji hadanganyi mtu. Kwa hivyo soma kilichoandikwa kwenye shina la biti, si rangi. Kama hakuna kilichoandikwa kabisa, basi umenunua rangi.

Halafu piga hesabu ya tundu, si ya biti. Tuseme biti ya Sh100 inatoboa matundu matano kabla ya kufa, na ya Sh350 inatoboa 50. Ya kwanza inakula Sh20 kwa kila tundu, ya pili Sh7. Ile ‘ya bei' ndiyo rahisi, na bado hatujahesabu mteja aliyekasirika. Ukishaipata nzuri, usiiue mwenyewe: punguza kasi ya drili, weka mafuta kidogo, kandamiza kwa uzito unaotosha chuma kitoke kikijikunja. Na ukiinoa, jua kwamba utando wa kwenye ncha umeondoka. Ule wa kwenye mifereji unabaki, kwa hivyo bado kuna faida kidogo, ila si ile ya mwanzo.

Kazi ndiyo hiyo

Kuna jambo la mwisho, na hili ni la yule anayetafuta njia ya kujitegemea. Mji mzima umejaa vyuma vinavyolika: nyundo za posho mill, visu vya kukatia karatasi, shafti za pampu, bomba za shokomzoba. Wanaovitupa ni wengi. Wanaojua kuvivalisha ngozi upya na kusaga mpaka vipimo virudi ni wachache. Vyuo vya ufundi vinafundisha welding na mashine, na mamlaka ya NITA inatoa mitihani ya daraja kwa fundi aliyejifunzia kazini bila kupitia darasa. Anza na kupima. Mtu mwenye maikromita mkononi, anayeweza kumwonyesha mteja kwamba bomba limelika kiasi gani na baada ya kazi limerudi kiasi gani, anaweza kueleza bei yake bila kuapa.

Kwa sasa, kabla hujatuma pesa kwa ile cheni nyingine uliyoiona jana usiku, andikia muuzaji swali moja tu: chini kuna nini? Akikujibu kwa rangi, tayari amekujibu.